Usingizi wa Nicodemus

Kichwa cha Nicodemus kilianguka kifuani, na mkono wake wa kulia ukaning'inia nje ya kiti. Mama Akoth, mama mkwe wake, alikuwa ameketi karibu na mlango. Akabana mkoba wake mapajani. Hivyo hivyo ndivyo alivyolegea yule jamaa wa bodaboda.

Ilikuwa Krismasi iliyopita, katika ukumbi mmoja hapa Nakuru. Mtu wa suti ya kumetameta, bingwa wa kulaza watu kwa maneno na kuwatoa siri, alipiga makofi mara moja tu, jamaa akalala pale pale jukwaani. Kuulizwa, akamtaja mwanamke wake wa Njoro, mkewe akiwa ameketi safu ya tatu. Watu walicheka hadi machozi. Mama Akoth hakucheka. Alirudi kwake Kaptembwo akiwaza kwamba ulimi wa mtu aliyelazwa hauna mlango.

Ndiyo maana Nicodemus alipopiga simu wiki jana akimtaka mtoto wake Joyline, Mama Akoth alimpa sharti.

"Kuja Nakuru ulazwe na daktari, na mimi nikiwa hapo nasikia. Ukiamka ukiwa msafi, mtoto ni wako."

Akoth, binti yake na mke wa Nicodemus, alianguka kutoka orofa ya tatu kule Kamere walikoishi, akianika nguo, akafa. Nyumbani walikuwa watatu tu: Akoth, mumewe, na Joyline wa miaka mitano. Polisi walisema ni ajali; Mama Akoth hakuamini. Joyline hakusema lolote. Miezi minne alikaa kwa nyanyake bila kufungua kinywa, na miezi hiyo yote baba yake hakuuliza hata kama amekula. Kisha siku moja mtoto akaomba uji. Kesho yake akamwita paka. Mama Akoth, kwa furaha, alitangazia ukoo mzima, na siku tatu baadaye Nicodemus akapiga simu. Mama Akoth alijiambia kwamba damu ni nzito kuliko maji.

Asubuhi hii alikuwa amechelewa; alimwacha Joyline nje kwa sekretari, akamkuta Nicodemus amefika kitambo. Daktari Gachanja, kijana mpole wa miwani, alimkaribisha kiti.

"Mama, nataka uelewe kitu. Hii yetu si kama ile ya jukwaani. Hapa tunaenda pole pole, na mgonjwa..."

"Najua, daktari. Nimeiona na macho yangu. Wewe anza tu."

Na sasa Nicodemus, kichwa kifuani, alianza kuongea bila kuulizwa. Sauti ilikuwa nzito, ya kuvuta, kama ya yule wa bodaboda.

"Akoth... hapo kuna maji... shika chuma, Akoth..."

Daktari aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Mama Akoth hakungoja.

"Ulimsukuma?"

Daktari alimwashiria anyamaze, lakini jibu lilikuwa limeshatoka.

"Hapana, mama. Aliteleza. Nilishika leso, ikabaki kwa mkono."

Mama Akoth alilia kwa sauti. Miezi minne alikuwa amemchukia mtu asiye na kosa, akamwombea mabaya hata kanisani. Aibu ilimchoma.

Nicodemus akafumbua macho, na daktari alipoanza kusema kitu, Mama Akoth alikuwa ameshamshika mkwewe mkono wakitoka. Neno ni neno. Walimchukua Joyline kwa sekretari, wakashuka naye hadi chini, ambako Nicodemus alikuwa ameegesha gari la rafiki yake. Alisema harudi Kamere. Ameacha kazi yake ya shamba la maua, anaenda mbali kuanza upya.

"Mbali wapi, baba Joyline?"

"Nitakupigia tukifika, mama."

Joyline aliikamata sketi ya nyanyake kwa mikono miwili. "Sitaki," alisema. Mama Akoth alimbandua kidole kimoja kimoja, huku akimbembeleza kwamba baba ni mtu mzuri, nyanya ndiye aliyekosea. Nicodemus akamfunga mkanda kiti cha nyuma, akafunga mlango. Gari likaingia barabara kuu, likapotelea katikati ya malori.

Mama Akoth alipanda tena ngazi, magoti yakimuuma, kwa kuwa hakutaka kuondoka bila kushukuru. Alimkuta daktari akiandika tarehe kwenye kitabu chake.

"Mungu akubariki, daktari. Umemlaza vizuri sana. Ametoa ukweli wote, na mtoto nimempa."

Daktari aliweka kalamu chini taratibu.

"Mama, mimi sijamlaza. Siku ya kwanza huwa ni kumfundisha mtu kupumua tu. Kulazwa ni wiki ijayo, na hayo yote nilimweleza Nicodemus mwenyewe kabla hujafika."