Shavu la Kupimia

Mimi huchapa picha kwenye fulana. Kabla sijachapa, mume wangu huzipulizia fulana dawa ya kushikisha wino, kisha huzikausha kwa pasi kubwa. Fulana ikibaki na unyevu, picha inaharibika.

Asubuhi hiyo nilimkuta amelaza shavu kwenye fulana nyeusi, kama anayempima mtoto homa.

"Baba watoto, ndiyo nini sasa?"

"Naisikiliza. Inakusengenya."

Sikucheka. Miaka yote yeye hupima unyevu kwa vidole. Nikamshika mkono, nikaona lengelenge kwenye kidole cha shahada.

"Umeungua lini?"

Akalitazama kama la jirani. "Wapi?"

Nikambonyeza kidole kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu. Alikuwa akinitazama usoni, akingoja nimwambie kama nimebonyeza.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita."

"Nawe ukanyamaza."

"Ungenitoa kwenye pasi."

Nikavuta kiti karibu yake, nikamgeuzia shavu langu. "Lete."

Akaniwekea ile fulana shavuni taratibu, kwa mikono miwili. Ilikuwa na joto, tena kavu kabisa.

"Vipi?"

"Bado," nikasema. "Iache hapo hapo kidogo."