Taulo Tatu za Rafu ya Juu

Barua ya kukataa usimamizi wa chumba cha kufulia nguo za hoteli ilikuwa tayari, imekunjwa mfukoni mwa aproni ya Mwanahawa.

"Mshahara ukipanda naingia daraja la juu la kodi," alimwambia Bi Saumu, aliyepiga pasi pale miaka ishirini katika nchi ile ndogo ya baridi. "Nitabaki na pesa kidogo kuliko sasa."

Bi Saumu aliiweka pasi pembeni. Alipanga taulo kumi rafu ya chini, kumi ya katikati, tano ya juu.

"Huu ndio mshahara wako mpya. Hizi tano ndizo nyongeza. Za chini serikali haigusi. Za katikati inachukua mbili katika kumi, kama ilivyo sasa." Akazitoa. "Za juu, nne katika kumi; kwa tano, ni mbili." Akazitoa pia. "Haya, kodi hii ya juu imezigusa rafu za chini?"

Mwanahawa alihesabu kwa kidole, mara mbili. Juu zilibaki tatu, mahali ambapo kwa mshahara wa sasa hapakuwa na kitu. Kijitabu cha kodi alikisoma wiki nzima asiambulie neno; mama huyu asiyejua kusoma alikimaliza kwa taulo za wageni.

"Nani alikufundisha, Bi Saumu?"

"Cheo hicho nilikikataa mimi kwanza," alijibu, akaishika tena pasi. "Kwa hofu hiyo hiyo."

Mwanahawa aliivua aproni bila kutoa kitu mfukoni, akaitia peke yake kwenye mashine. Nyuma ya kioo cha duara, wino ulianza kuvujia kwenye povu.