Shahidi Chini ya Kiti

Meno mawili ya Mnene yalikuwa yameshatangulia kwenye kokoto, na la tatu lilikuwa linafikiria kuyafuata, pale mtu alipopiga kelele: "Acheni kwanza! Fundi amekuja!"

Jina la Mnene walimpa kwa dhihaka. Dereva huyo wa greda alikuwa mwembamba kiasi kwamba shati lake muda wote lilionekana limeanikwa. Sasa alikuwa amepigishwa magoti mbele ya greda yake, mikono imefungwa nyuma kwa mkanda wake mwenyewe, suruali ikijishikilia kwa kudra tu. Nyuma ya greda, kati ya gurudumu na ukuta wa mawe, kulikuwa na turubai. Chini ya turubai kulikuwa na mwashi kijana ambaye saa ya chai asubuhi ile alikuwa bado anadai sukari haijakolea.

Greda ilikuwa imeteremka kilimani kinyumenyume ikambana pale pale.

Kaka wa marehemu, mpasua mawe mwenye mabega kama mlango, hakuwa analia. Alikuwa na mtaimbo.

"Taa ya onyo la breki ilikuwa inawaka jana," Mnene alisema, kila neno likitoka na damu yake. "Nikaripoti. Leo asubuhi nikakuta imezimika. Nikajua imepona."

"Mnasikia?" mpasua mawe akawageukia wenzake. "Imepona! Kumbe taa ilikuwa na mafua." Akamshindilia teke la mbavu. Kitu kikalia ndani ya Mnene kama kijiti kikavu.

Watu wakacheka, kile kicheko cha watu wanaotafuta mahali pa kuanzia.

Fundi wa mitambo aliwapenya na kikebe chake cha kusomea kompyuta za mitambo kifuani, jasho likimchuruzika. "Mkimuua na greda ndiyo yenye kosa, mtamfufua?" aliuliza. "Nipeni nafasi niisome. Kila kitu inachofanya inakiandika yenyewe kwenye kompyuta yake."

"Soma," mpasua mawe akasema. "Ikisema ni huyu, nampasua hapa hapa. Ikisema si yeye, utanieleza ni nani. Mdogo wangu hajafa bure."

Fundi akapanda, akachomeka waya, akafungua swichi bila kuwasha injini. Watu wakasogea. Mnene akakiangalia kile kikebe kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Namba ya kwanza ya hitilafu ikajitokeza kwenye kikebe.

"Hii hapa," fundi akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Breki zimekanyagwa mpaka mwisho. Upepo wa breki haukuwepo. Mnaelewa? Jamaa amekanyaga kwa nguvu zake zote, hakuna kilichoshika. Hajalala, hajalewa, hajacheza. Hana hatia."

Mnene akaangua kilio cha mtoto. Mama wa chai, aliyekuwa amesimama na sufuria yake tupu, akasema, "Si nimewaambia? Mfungueni basi mtoto wa watu."

Fundi akabonyeza tena. Namba ya pili ikaja. Akaitazama, akachomoa waya.

"Hiyo nyingine inasemaje?" mpasua mawe akauliza.

"Mambo ya taa tu. Haina maana."

Mpasua mawe akausogeza mtaimbo ukagusa goti la fundi. "Sasa niambie, bingwa. Kama si dereva, nani amemuua mdogo wangu?"

"Greda," fundi akasema. "Na mwenye greda."

"Mwenye greda yuko wapi?"

"Utamwona kesho, kaja na shati lililopigwa pasi. Ila nawaomba kitu kimoja, ndugu zangu. Pigeni mnachotaka, lakini ile kompyuta chini ya kiti msiiguse. Hiyo ndiyo shahidi wa tajiri. Ataichukua, awape wataalamu wake waikoroge, mwishowe watasema marehemu alijileta mwenyewe chini ya gurudumu. Iacheni. Tafadhali."

Lingekuwa jambo la ajabu mno kama wangeiacha.

Mpasua mawe alipanda ngazi kwa hatua moja. Pigo la kwanza liling'oa kiti. La pili likaingia kwenye kile kisanduku cheusi, na la tatu, na mengine ambayo hayakuwa na idadi, kila moja likisindikizwa na jina la mdogo wake, mpaka jina likageuka mlio tu usio na herufi. Chini, wengine walikuwa wameshapata nyundo na mawe. Vioo vikamwagika. Mtu akalipiga tairi kwa sururu, sururu ikadunda ikamrudia kwenye paji la uso, akaanguka, akainuka na damu machoni, akaendelea kupiga. Wawili wakaivuta turubai na marehemu wake mbali na greda, ndipo akatokea mwenye dumu la dizeli. Akatokea mwenye kiberiti.

Walipomaliza, mpasua mawe alikaa chini kando ya turubai, mikono imechubuka mpaka nyama, ndipo akalia.

Fundi alikuwa amemfungua Mnene na kumvutia kivulini. Mnene akamshika mkono, akaubusu kwa midomo iliyopasuka. "Kaka, mke wangu ana mimba. Akija wa kiume, nampa jina lako."

"Usiongee, utapoteza damu," fundi akasema.

Akaenda kwenye greda iliyokuwa bado inafuka moshi, akainama penye kile kisanduku kilichoyeyuka kikawa uji. Alipohakikisha hakuna anayemtazama, akapapasa pembeni yake, akachomoa kipande cha waya alichokiunga kwa mkono wake asubuhi ile ili taa ya onyo la breki izimike, akakitia mfukoni. Kisha akarudi kumnywesha Mnene maji.