Ukurasa wa Stambuli

Panga lilikwenda kwa mpwa. Koti la sikukuu lilikwenda kwa mpwa. Mzee Hashimu alipoinua simu ili watu wote waione, sauti ya mwanamke ilitoka nyuma ya pazia.

"Hiyo niachieni mimi."

Baraza zima liligeukia pazia. Ilikuwa arobaini ya Stambuli, huku Kinole, na Zuhura mjane wake alikuwa ndani ya eda, haonekani, anasikika tu. Mjane wa eda hapandishi sauti kwenye kikao cha ukoo wa mumewe. Zuhura alilijua hilo vizuri, na akaipandisha.

"Shamba la migomba chukueni," aliendelea. "Nyumba hii nikitoka eda nitawaachia. Nipeni simu tu."

Vijana walicheka chini chini. Mmoja alinong'ona kwamba mama wa watu anataka kufuta meseji kabla hazijasomwa.

Utani tu, maana kila mtu alijua kilichokuwamo. Ndani ya simu ile mlikuwa na ukurasa wa Simulizi za Stambuli, uliosomwa Kihonda, Dumila, mpaka Dar es Salaam kwenyewe. Hadithi ya mwanamke wa Bondwa ilikuwa imebakiza sura moja tu iishe, na wasomaji walikuwa wanakosa usingizi. Kampuni moja ya Dar ilitaka kuifanya tamthilia. Stambuli alitakiwa aende kusaini mkataba, lakini kila alipoitwa alikuwa na udhuru, mara mvua, mara mgongo, mpaka homa ikamchukua.

Na alikuwa mtu wa watu, haswa. Akipita sokoni walimzonga. "Mwandishi, sura ijayo lini?" Yeye alicheka tu. "Subirini, msinikabe!" Ujumbe wa kampuni ulipoingia aliwakusanya majirani, akapapasa mifuko akitafuta miwani, akaikosa kama kawaida yake, akampa mkewe awasomee kwa sauti. Siku hiyo alitembea kifua mbele hadi magharibi.

Mzee Hashimu, mjomba wa marehemu, alikohoa.

"Mke wetu, sisi ni Waluguru. Mali ya mtu inarudi kwenye tumbo ilikotoka. Luqmani ni mtoto wa dada yake Stambuli. Leo anarithi jina, na kila chenye jina hilo ni chake. Hizo simulizi zinaitwa za nani?"

"Za Stambuli!" watu waliitikia.

"Basi Stambuli ndiye huyu hapa."

Luqmani, mwanamume mzima mwenye duka la vipuri vya pikipiki Kihonda, aliinamisha kichwa kwa adabu. Adabu ya bure kabisa, kwa sababu mkono ulikuwa tayari umenyooka.

"Mzee wangu, nakuheshimu," Zuhura alisema. "Lakini hadithi si migomba. Haikupandwa na ukoo."

"Ilipandwa na nani?"

Jibu Zuhura alikuwa nalo. Alikuwa amemwapia mumewe, na mumewe alikuwa amekufa na kiapo chake.

"Wifi Mwajuma yupo hapo," alisema hatimaye. "Aseme yeye. Alikuwa nami jikoni siku ukurasa unafunguliwa. Anajua nilivyokubaliana na kaka yake."

Mwajuma, mama yake Luqmani, ndiye aliyemleta Zuhura katika nyumba ile. Walikaa mkeka mmoja madrasa, wakaazimana khanga katika usichana wao wote, na ni yeye aliyemshika mkono kumpeleka kwa kaka yake. Zuhura hakuwa na ndugu mwingine aliyemwamini kiasi hicho. Nyuma ya pazia alifumba macho, akangoja.

"Mimi ninachojua," Mwajuma alisema, "kaka yangu alikuwa mwandishi. Mengine siyajui."

Zuhura alikuwa amejiandaa kwa wazee. Kwa Mwajuma hakuwa amejiandaa. Alikaa chini taratibu, na hasira ikampanda pamoja na aibu, kwa sababu alijiona mjinga kuliko watu wote wa Kinole. Upande wa pili simu iliingia mfukoni mwa Luqmani. Dua ikasomwa, na sinia za pilau zikaanza kutembea.

Baadaye Mwajuma aliingia na sahani.

"Kula, wifi."

"Umeniuza, Mwajuma."

"Kula kwanza."

"Wageni wangeninyang'anya ningelia yakaisha. Wewe ulikuwa unaujua ukweli wote, na umeniuza kwa ajili ya mwanao, mchana kweupe, nakusikia."

Mwajuma aliweka sahani chini. Alichungulia nje ya pazia, akahakikisha hakuna mtu karibu, kisha akashusha sauti.

"Ulitaka nisemeje? Nisimame mbele ya watu wote wale niwaambie kwamba Stambuli hakujua hata kuandika jina lake? Kula, wifi. Luqmani anaiomba ile sura ya mwisho."