Nukta Nane

Ua la mwisho halikukutana na la kwanza. Hafidha aliisogeza kofia ya ndoa ya mwanawe dirishani, akaona kiua kimoja, kijitundu cha kuzungushia uzi, alichokiruka. Saba alivyoshona baada yake vyote vilikuwa vimehama.

Adhuhuri ilikwisha saliwa. Ndoa ilikuwa alasiri, Mlingotini.

"Wifi, gari limefika!" mdogo wa mumewe aliita uani.

Miezi mitatu ya sindano, na sasa kichwa kilimgomea. Alihesabu viua, akafika saba, akasahau alikoanzia. Akarudia, akasahau tena. Nani angeona? Kofia huvaliwa, haikaguliwi.

Lakini akachukua wembe, akakata uzi wa vile vilivyohama. Akalowesha kitambaa cha kofia, akakisugua mpaka vitundu vikajifunga, kisha akatia nukta nane za penseli. Zote zikamtumbulia macho.

Akazifunika kwa kidole gumba, akabakisha moja. Akaitoboa kwa mwiba, akazungusha uzi, akakaza. Akakisogeza kidogo kidole.

Moja tena.

Honi ikalia. Mwiba ukamchoma, akaifuta damu kwenye kanga, mbali na kofia.

Moja tena.

Mlango ukafunguliwa. Bwana harusi aliingia na kanzu yake, kichwani kofia ya dukani iliyodariziwa kwa mashine.

"Mama, usijitese. Nimenunua hii, yatosha."

Hafidha hakuinua macho. Chini ya kidole chake zilibaki nukta nne.

"Ivue," alisema. "Kaa hapo."