Mbele Yako Wapo Kumi na Wanne

"Usiikate hiyo simu!" Beryl alipiga kelele kutoka jikoni, lakini Lorraine alikuwa ameshainyakua mezani.

"Siikati, Mama. Leo naongea nao mwenyewe."

Alikuwa ameendesha gari kutoka Leeds hadi Grimsby kwenye theluji, roho juu. Wiki ya tatu sasa, kila akiwapigia wazazi wake asubuhi, simu inatumika, na kila akiuliza anajibiwa lilelile: tulikuwa tunawapigia watu wa boila, ule mtambo wa kupasha nyumba joto, umeharibika. Baba yake, Wilf, ana miaka themanini na kifua kibovu. Baridi hii ingemmaliza.

"Mbele yako wapo wateja kumi na wanne," ilisema mashine ya kampuni, kisha ukarudi wimbo wa kuwasubirisha wateja, wa miaka ya sitini, wa kijana anayempenda muuza keki mpaka meno yanamwoza.

"Ongeza sauti kidogo," alisema Wilf. "Huo ubeti wa pili mtamu."

Alikuwa amevaa suti na tai. Lorraine alimwonea huruma mpaka akataka kulia; mzee wa watu amejivika kila alichonacho. Mama yake naye kavaa viatu vya visigino humohumo ndani, bila shaka akiikimbia sakafu ya baridi.

"Tulikuwa na santuri yake," Wilf aliendelea. "Mama yako akaikalia mwaka themanini na moja."

"Nani aliiacha kwenye kochi?" Beryl alimrukia.

"Jamani! Tuna jambo la maana hapa!"

Hasira zilimpanda Lorraine hadi jasho likamtoka. Akavua koti, akavua na sweta.

"Chai utakunywa?" mama yake aliuliza.

"Chai ya nini? Leo fundi anakuja, hata kwa kuburutwa!"

Wakabaki wateja kumi. Sita. Wawili. Kila namba iliposhuka, Beryl aliguna.

Hatimaye mwanamke mmoja akapokea, na Lorraine akamshukia bila hata salamu. "Nyie hamna wazazi? Wiki tatu mnawaacha wazee wangu wanaganda! Mnangoja tuwazike ndipo mje na maua? Nitawaanika kwenye magazeti, mtanitambua!"

Yule mwanamke alimwacha mpaka akaishiwa pumzi.

"Hapo ni kwa Bwana Wilf Ackroyd, sivyo?" aliuliza kwa upole. "Dada, fundi wetu alikuja tarehe nne, na boila ilipona siku hiyohiyo. Hebu nipe mama. Leo nimewahi kupokea, najua atanigombeza."

Lorraine aligeuka. Baba yake alikuwa ameshaisukuma meza hadi ukutani, amesimama katikati ya sebule, mkono kamnyooshea mkewe kama anayeomba dansi.

Beryl akaichukua simu.

"Denise, mwanangu," alisema, "turudishe mwisho wa foleni."