Flaiwili Nyepesi ya Tshokolo

Gari lilizimika tena palepale kwenye mataa, kijani ikiwaka, na teksi iliyokuwa nyuma ikaanza kupiga honi bila huruma. Tshokolo akawasha. Akaachia klachi. Gari likaruka hatua moja mbele, likatetemeka, likazima.

"We bra, kama umelala tuletee blanketi!" dereva wa teksi akafoka dirishani. "Sisi tuna abiria!"

Tshokolo alitamani ardhi ipasuke immeze. Hilo lilikuwa gusheshe, BMW ya kizamani yenye umbo la boksi, gari ambalo Sebokeng nzima inaliheshimu. Leo lilikuwa linamuumbua mbele ya wauza ndizi. Na mchawi wake alimjua: ni flaiwili.

Flaiwili ni lile duara la chuma linalozunguka nyuma ya injini na kushikana na klachi. Ikiwa nzito, inaisaidia injini isizime ovyo. Lakini wale wanaozungusha magari uwanjani siku za Jumapili hufunga nyepesi, ili ukigusa mafuta tu injini ipande papo hapo. Tshokolo aliagiza ya kwake kutoka Durban, akampelekea fundi, Ntate Mohapi, aliyekuwa tayari ameachiwa gari, akiwa ameibeba kwa mkono mmoja na kucheka peke yake njia nzima.

Jumatano, siku aliyoambiwa aje, fundi hakuwepo. Mkewe alimpitishia funguo kwenye nondo za dirisha.

"Mzee yuko Qwaqwa, kafiwa. Alisema ukija nikupe funguo zako."

Tshokolo alitoa pole za harakaharaka akaingia garini. Alipokanyaga mafuta, mlio ulipanda mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Nyepesi kweli! Alipiga usukani kofi kwa furaha.

Furaha yenyewe haikuvuka kona ya kwanza. Akiachia mafuta, injini inaanguka ghafla. Kwenye foleni gari linamrusharusha mpaka shingo inauma. Vijana wa uwanjani walikuwa wamemwonya: flaiwili nyepesi haina subira, usipoongeza mafuta wakati wa kuachia klachi, inakufa. Basi akaongeza, klachi ikanuka kuungua. Akapunguza, likazima. Kumpigia Ntate Mohapi ikawa kazi bure, huko milimani mtandao ni wa kubahatisha.

Ijumaa Puseletso, mke wa Tshokolo, alichukua funguo akaenda kununua chakula. Alirudi anatafuna chipsi.

"Limezima mara ngapi?" Tshokolo akamuuliza kwa hamu.

"Lizime kwa nini?"

"Basi ni kwa sababu unaendesha kama umebeba mayai!"

"Na wewe unaendesha kama umeiba," Puseletso akamjibu, akasonya, akaingia ndani.

Bahati tu, Tshokolo alijiambia. Lakini hasira ilikuwa imemkaba. Si kwa sababu ya mataa wala honi. Kwa miaka miwili alikuwa amemsihi Vusumzi, mkubwa wa kikundi cha wazungushaji, amruhusu kuingia uwanjani. Sasa nafasi moja ilikuwa imepatikana, na Vusumzi hakumung'unya maneno.

"Njoo Jumapili. Ukizungusha vizuri, wewe ni wetu. Ukituaibisha, utabaki getini kukata tiketi mpaka uzeeke."

Jumapili uwanja ulifurika. Moshi wa nyama ulikuwa umetanda na muziki unapasua masikio. Tshokolo aliingia, akakata usukani, akakanyaga. Matairi yakalia, mkia wa gari ukaanza kugeuka, watu wakapiga mbinja. Gari likazima.

Akawasha, akajaribu tena. Likazima. Mara ya tatu halikugeuka hata kidogo, na umati mzima ukaanza kuimba, "Sukuma! Sukuma!" Wanaume wanne wakaingia wakalisukuma kweli, yeye akiwa ndani ameshika usukani, macho yamemlowa.

Vusumzi alifungua mlango. "Shuka."

Akaingia yeye. Akalizungusha gusheshe lilelile kulia, akalizungusha kushoto, akatoa mguu mmoja nje ya dirisha huku gari linazunguka, akalirudisha taratibu akaliegesha.

"Gari halina shida, bra."

"Ni flaiwili! Wewe umezizoea hizi nyepesi, mimi nina siku nne tu nayo!"

Vusumzi alimtazama kama mtu anayetaka kuuliza kitu, akaghairi. Akamkabidhi kitita cha tiketi na kumwonyesha geti.

Jumatatu asubuhi Ntate Mohapi alikuwa amerudi. Alikuwa amekaa mlangoni pa karakana yake, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba, anakunywa chai. Tshokolo alisimamisha gari, likazima lenyewe, akashuka bila hata kufunga mlango.

"Toa! Toa uchafu huu leo leo!"

"Tuanze na salamu, mwanangu."

"Salamu gani, Ntate? Nimechekwa na mji mzima! Nafasi yangu imekwenda! Nirudishie ile nzito, hii sitaki hata kuiona!" Kwa ghadhabu akaupiga teke mzigo uliokuwa umefunikwa gunia karibu na mlango, akaishia kuruka kwa mguu mmoja akigugumia.

Mzee aliweka kikombe chini. Alilitazama gari, kisha akamtazama Tshokolo.

"Mwanangu, mimi Jumanne nilipigiwa simu ya msiba, nikaondoka na basi la kwanza. Gari lako sijalifungua hata boliti moja." Akaonyesha lile gunia kwa kidevu. "Na hiyo unayoipiga mateke ndiyo flaiwili yako."